Kutoka mchangani hadi kwenye kifungu: namna ya kupata fedha ya Serikali kwa uwanja wa mtaa, Tanga

Barua yetu ya kwanza ya kuomba uwanja ilikuwa na kurasa nne. Niliiandika mwenyewe nikiwa katibu wa timu. Nikaanza na historia: Wagosi wa Kaya, Coastal Union, kutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, Wana Kimanumanu wa African Sports, utani wao pale uwanja wa Mkwakwani. Nikamalizia kwa kuomba "msaada wowote mtakaojaliwa". Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, tukapongezwa kwa moyo wetu wa michezo. Miezi kumi na minne hatukusikia neno.

Nilipokwenda kuulizia, afisa mmoja mwenye subira alifungua kitabu cha bajeti ya mwaka ule, akanigeuzia upande wangu na kuniambia nimwonyeshe tulipoandikwa. Hatukuwemo. Akanieleza kwa upole kwamba hata Mkurugenzi angetaka kutulipa siku ile, asingekuwa na kifungu, yaani mstari wa bajeti, cha kulipia. Nilitoka nimenyongea, lakini nimeelewa kitu ambacho viongozi wengi wa timu za mitaani hawajakielewa: fedha ya umma hutoka kwenye kifungu. Ukitaka ikufikie, jina la mradi wako liwe limeandikwa mahali fulani miezi mingi kabla.

Mwongozo huu unafuata safari ya jina hilo. Nimeuandika kwa kuangalia Jiji la Tanga, ila ukiwa Muheza, Pangani au Mkinga njia ni ile ile, tofauti ni chache nami nitazitaja.

Kwanza, jua unagonga mlango wa nani

Watu husema "Serikali" kama vile ni mtu mmoja mwenye pochi moja. Kwa uwanja wa mtaa, milango yenye maana ni hii.

Mlango mkubwa ni halmashauri yenyewe. Inakusanya mapato ya ndani (ushuru, leseni, kodi za vibanda na mengineyo), na sehemu ya mapato hayo lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Humo ndimo madarasa, zahanati, vivuko na, ukijipanga, uwanja wako. Ndani ya halmashauri kuna Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo. Afisa Michezo ndiye mwenyeji wako, mzoeane mapema. Usimwendee kama mwenye fedha, maana mara nyingi bajeti ya kitengo chake inaishia kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari, na bonanza mbili tatu. Mwendee kama mtu anayejua nani anakaa meza gani.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, tunaouita Mfuko wa Jimbo. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge, afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu. Fedha yake hupita kwenye halmashauri na ni ya miradi ya jamii. Haikununulii timu nauli wala posho. Ni mfuko mdogo kwa jimbo zima, kwa hiyo kuomba uwanja mzima humo ni kujichosha. Omba kitu kimoja kinachokamilika: magoli ya chuma, uzio wa upande mmoja, choo. Mradi wa kumalizia kitu ambacho wananchi wameshakianza una uzito kuliko wa kuanza na kichaka.

Wa tatu ni Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ulio chini ya wizara yenye dhamana ya michezo, ambao tangu mwaka wa fedha 2021/22 umekuwa ukipata sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri matokeo. Ndiyo, ile mikeka ya vijana vibandani ina tone lake humo. Timu za taifa zinaula sana mfuko huu. Mtaa usiuanze huu.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Huo ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na unatolewa kwa kikundi chenye biashara. Nimeona timu zikijigeuza "kikundi cha vijana" ili zichukue mkopo zilimie uwanja, kisha zinashindwa kurejesha kwa sababu uwanja hautoi hela. Kama wachezaji wenu wanashona jezi au wanakodisha viti na maturubai, hapo sawa, mkopo ni wa kushona jezi.

Na milango ambayo si yake. Mkwakwani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kwa hiyo anayemwandikia Mkurugenzi wa Jiji kuomba Mkwakwani ukarabatiwe amekosea nyumba. Kituo cha TFF kule Mnyanjani ni cha shirikisho, na fedha yake ilitoka FIFA. Ni kizuri kuking'aria macho, lakini hakina uhusiano na bajeti ya kata yako.

Usajili: fanya haraka, upite

Timu isiyosajiliwa ni kundi la marafiki. Klabu husajiliwa na Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967. Utahitaji katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha klabu, orodha ya wanachama na wasifu wa viongozi, na unaanzia kwa Afisa Michezo wa halmashauri. Ada lipa kwa namba ya malipo ya Serikali tu. Mtu akikwambia umpe mkononi akusogezee, rudi nyumbani.

Jambo moja ambalo vijana hulipuuza: usajili wa klabu haukupi uwanja. Uwanja wa umma ni wa umma. Anayeuomba ni mtaa, klabu zenu ni watumiaji. Maombi yakiandikwa kwa jina la klabu moja, mtaa wa pili utayapinga kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, nao watakuwa na haki. Kaeni timu zote za mtaa, za mpira wa miguu, netiboli, wazee wa jogingi, madrasa yenye watoto wanaocheza chandimu jioni, muunde kamati moja.

Ardhi: hapa ndipo wengi wanapofia

Hakuna halmashauri itakayoweka shilingi kwenye ardhi ambayo haijui ni ya nani. Na ninyi msikubali iwekwe.

Sisi tulicheza kwenye eneo letu tangu utotoni, nasi tuliamini kwa dhati kwamba ni la wazi kwa sababu halikuwa na nyumba. Asubuhi moja ya Jumapili tukakuta msingi umechimbwa kutoka kwenye boksi la goli la kusini. Aliyechimba alikuwa na karatasi. Tulipokwenda ofisi ya ardhi na kufunguliwa mchoro wa mipango miji wa eneo lile, ikaonekana kweli pana eneo la wazi, lakini bikoni yake, alama ya mpaka, ilikuwa hatua kama ishirini ndani ya pale tulipodhani. Yaani goli la kusini tulikuwa tumelichimbia kwa watu miaka yote.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa maombi. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uliza mchoro wa mipango miji unaohusu mtaa wenu. Chukua namba ya mchoro. Tazama eneo lenu limeandikwa matumizi gani: eneo la wazi, uwanja wa michezo, shule, makazi, soko. Kama ni eneo la wazi au uwanja wa michezo, uliza kama limepimwa na lina namba ya kiwanja na kitalu. Kama halijapimwa, ombi lenu la kwanza kwa Serikali liwe la kupimwa. Ombi hilo ni la bei ndogo, linapata kibali upesi, na likishafanyika hakuna mtu wa kuja na msingi Jumapili. Kisha omba barua ya halmashauri inayothibitisha kwamba eneo hilo ni la umma na limetengwa kwa michezo. Barua hiyo itoe nakala tano, ya asili ikae kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. Isikae kwa katibu wa timu, maana makatibu wa timu huhama na hugombana.

Kijijini mambo ni tofauti. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli ya kuridhia. Hakikisheni uwanja umo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kama eneo la pamoja. Kama kijiji hakina mpango huo, azimio la Mkutano Mkuu lenye mipaka iliyotajwa (kutoka mwembe mkubwa hadi korongo, kwa mfano) ni mwanzo mzuri.

Na kama hamna eneo kabisa? Ndani ya mji, hasa kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, hutapata ekari mbili tupu. Hapo mgeukie uwanja wa shule ya msingi. Binafsi ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, hata pale penye eneo la wazi. Ardhi ya shule ina mwenye, mradi unaingia kwenye mipango ya elimu ambayo kila diwani anaiunga mkono, na UMITASHUMTA inapata pa kuandalia watoto. Sharti lake ni makubaliano ya maandishi na kamati ya shule: saa za masomo uwanja ni wa wanafunzi, kuanzia saa kumi jioni na siku za mapumziko mtaa unaingia, na nani anafagia. Bila karatasi hiyo, atakapohamishwa mwalimu mkuu anayewapenda, wa kufungiwa geti mtakuwa ninyi.

Muhtasari wa mtaa na kalenda yake

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni. Watu wanaomba fedha mwezi wa Julai kwa sababu wamesikia bajeti imepita. Kupita kwake ndiko kunakowafungia mlango. Cha kuingia kwenye bajeti ya Julai ijayo kinaanza kuibuliwa mitaani Septemba na Oktoba.

Mfuatano wake ni huu. Mkutano Mkuu wa Mtaa (kijijini, Mkutano Mkuu wa Kijiji) unaibua miradi na kuipanga kwa vipaumbele. Kinachotoka hapo kinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake Mheshimiwa Diwani, katibu wake Mtendaji wa Kata. Kata inachambua na kupeleka halmashauri. Wataalamu wa halmashauri wanapima fedha iliyopo, miradi inapita kwenye kamati za kudumu, ikiwemo ile ya fedha, kisha Baraza la Madiwani linapitisha bajeti, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI, na Bunge kati ya Aprili na Juni. Ukifika kwa diwani mwezi wa Machi na wazo jipya, atakupigia makofi tu.

Mkutano wa mtaa ndio mwepesi kuliko yote na ndio unaodharauliwa kuliko yote. Wanaohudhuria mara nyingi ni wazee na akina mama wenye hoja za maji na taka, vijana wa mpira wako mazoezini. Siku ile pumzisheni mazoezi. Njooni thelathini, mkae mbele, mwasalimu wazee, na msubiri ajenda yenu. Kabla ya siku yenyewe muoneni Mwenyekiti wa Mtaa ajenda iandikwe. Ukiiibua kwenye mengineyo itaandikwa kwa mstari mmoja, kama inaandikwa.

Msitegemee mtendaji akumbuke kila kitu kwenye kelele za mkutano. Mpelekeeni rasimu ya maneno mnayotaka, yeye atayarekebisha. Sisi mara ya pili tuliandika hivi, na ndiyo maneno yaliyobaki:

*"Mkutano ulijadili hali ya eneo la wazi la mtaa na kuazimia kwa kauli moja kwamba uboreshaji wa eneo hilo kuwa uwanja wa michezo kwa wakazi wote uwe kipaumbele cha pili cha mtaa kwa mwaka wa fedha ujao, baada ya mfereji wa maji ya mvua. Wananchi watachangia nguvu kazi ya kusafisha eneo, kuchimba mitaro na kusomba mawe. Halmashauri inaombwa kupima eneo, kutoa greda na kugharamia magoli na uzio."*

Angalia "kipaumbele cha pili". Tulibishana sana usiku ule. Vijana walitaka cha kwanza. Mzee mmoja akasema mfereji ukiwa wa pili akina mama watatupigia kura ya hapana na hata cha pili hatutakipata. Alikuwa sahihi, na kwa kuwa mfereji wenyewe ulipangwa kupita kando ya eneo letu, ndio uliokuja kuukausha uwanja.

Ambatisha orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Hakikisha muhtasari una muhuri na tarehe. Piga picha kila ukurasa. Kisha siku ya Kamati ya Maendeleo ya Kata muulizeni Mtendaji wa Kata kwa adabu kama muhtasari wenu umo kwenye makabrasha. Neno "kwa adabu" nimeliweka makusudi. Mtendaji wa Kata ana mitaa mingi na kila mmoja una katibu anayejiona ndiye pekee.

Mchanganuo wa gharama: hesabu zenu wenyewe

Mhandisi wa halmashauri ndiye atakayetoa makadirio rasmi. Lakini mkiwa na hesabu zenu, hawezi kuwaandikia uwanja wa ndoto usiolipika, wala kuwasahau. Chukua futi kamba, kijana mmoja aliyesoma hisabati, na Jumamosi moja.

Kiwanja cha mpira wa miguu cha kimataifa kinachotumika zaidi ni mita 105 kwa 68. Kanuni za mchezo zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90, kwa hiyo eneo dogo lisiwavunje moyo. Magoli ni mita 7.32 kwa 2.44. Yaelekezeni kaskazini na kusini, la sivyo mlinda mlango wa upande mmoja atakuwa anaangalia jua la saa kumi na moja kila jioni.

Sasa udongo. Mita 105 mara 68 ni mita za mraba 7,140. Ukitaka tabaka la juu la sentimita 10 la udongo mzuri wa kuoteshea nyasi, hiyo ni mita za ujazo 714. Lori la mita za ujazo 7 litakwenda safari 102. Niliposoma hesabu hii kwenye kikao, kimya kilitanda. Ndipo watu walipoelewa kwa nini tulikubaliana kuanza bila udongo wa kununua, tupate kwanza usawa na mitaro.

Usawa ndio roho ya uwanja wa Tanga. Masika inatupiga Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na uwanja uliotandazwa bapa kama meza ni dimbwi. Mwombe mwenye greda akate pembeni asukume katikati, mgongo uinuke kidogo na pande zishuke. Mteremko wa asilimia 1 unatosha: kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 34, kwa hiyo katikati iwe juu kwa sentimita 34. Kwa jicho huoni, maji yanaona. Kisha mitaro pande zote mbili, imwage kwenye mfereji halisi, isiishie ukutani kwa jirani.

Uzio. Acha mita 3 kila upande nje ya mistari, unapata mita 111 kwa 74, mzunguko wa mita 370. Nguzo kila mita 3 ni nguzo 124. Mkishaijua namba hiyo mnaweza kuamua kama wavu wa mzunguko mzima una maana, au mzibe nyuma ya magoli tu mwaka wa kwanza.

Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Sakafu ya zege ya sentimita 10 hapo ni mita za ujazo 46.5, saruji yake ni mifuko kama 300 ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Msiuache netiboli uwe kiambatisho. Kwenye kikao chetu akina dada ndio waliokuwa wengi siku ya kupiga kura, na uwanja wao mdogo unaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja wa fedha, jambo ambalo mpira wa miguu hauwezi.

Mambo mawili ya pwani. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege lenye nondo, chumvi itazila. Na magoli yawe ya bomba lililopakwa zinki, kwa sababu bomba jeusi la kawaida hapa kwetu halifiki mbali kabla upepo wa bahari haujalitoboa kwenye maungio.

Nyasi bandia? Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyo majijini, kwa idhini ya BMT, na Tanga ni jiji. Nimeitaja ili usije kuambiwa sikujua. Kwa uwanja wa mtaa usiolindwa, ambao mbuzi wanaupita asubuhi na harusi zinaupiga maturubai Jumamosi, sizishauri.

Mwisho wa mchanganuo weka nguvu za wananchi kwa hesabu: watu 20 kwa Jumamosi 8 ni siku-kazi 160. Wekeni na daftari la kusaini kila Jumamosi. Daftari letu lenye tope ndilo lililomfanya diwani asimame kwenye kikao.

Barua, sasa iwe ya ukurasa mmoja

Inatoka kwa Mwenyekiti wa Mtaa, inaandikwa kwa Mkurugenzi, inapita kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata. Ukiruka mmoja, itarudishwa. Mfano:

*Mkurugenzi wa Jiji, Tanga.*
*Kupitia: Afisa Mtendaji wa Mtaa, Afisa Mtendaji wa Kata.*
*YAH: MAOMBI YA KUINGIZWA KWENYE MPANGO NA BAJETI UBORESHAJI WA ENEO LA WAZI KUWA UWANJA WA MICHEZO*
*Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mkutano Mkuu wa Mtaa uliazimia (muhtasari umeambatishwa) kuboresha eneo la wazi lenye namba ya mchoro iliyotajwa kwenye kiambatisho B. Awamu ya kwanza ni kupima, kusawazisha na mitaro. Wananchi wamekwisha kusafisha eneo (daftari la nguvu kazi, kiambatisho C). Tunaomba awamu ya kwanza iingizwe kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Nakala: Diwani, Afisa Michezo, Afisa Mipango.*

Historia ya Coastal Union ikae kijiweni. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uandike namba ya jalada kwa kalamu nyuma yake. Waja leo waondoka leo, husema watu wa mji wetu, lakini jalada haliondoki leo: utarudi mara nyingi, na bila namba kila ukirudi unaanza upya.

Fedha ikiingia kwenye bajeti, halafu ikitoka

Kuwemo kwenye kitabu si kulipwa. Halmashauri hutumia inachokusanya, na mapato yakilegea robo ya kwanza, michezo ndiyo inayosogezwa. Ulizeni kila robo mwaka. Kijijini taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwenye Mkutano Mkuu kila miezi mitatu, mjini muulizeni diwani kabla ya vikao vya Baraza. Mwishoni mwa Mei iwe zamu ya kuuliza kila wiki, kwa sababu 30 Juni ikipita mradi usioanza unaweza kulazimika kuombewa upya.

Kazi ndogo kama hizi hufanywa mara nyingi kwa fosi akaunti: halmashauri au shule inanunua vifaa na kuajiri fundi wa hapo hapo badala ya mkandarasi. Kunaundwa kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Zijazeni. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ikishuka kwenye gari, kwa hiyo wekeni mama mmoja mwenye duka, mtu aliyezoea kuhesabu na asiyeogopa kukataa mfuko ulioganda. Ununuzi wa umma hupitia NeST, mfumo wa Serikali wa mtandaoni, na sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi maalumu vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mtaani chenye usajili kinaweza kupata kazi ya kushona nyavu au kuchomelea magoli, kikijisajili kwenye mfumo mapema.

Mkiona saruji imepungua kati ya hati ya mapokezi na sakafu, andikeni, msiishie kulalamika barazani. Barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani. Na TAKUKURU wana ofisi.

Ufunguo

Kabla ya mechi ya ufunguzi, kubalianeni nani ana ufunguo wa geti na wa choo. Seti moja kwa Mtendaji wa Mtaa, moja kwa kamati. Ratiba ibandikwe: siku za netiboli ziandikwe kwa jina, la sivyo wavulana watazila moja moja. Mkitaka kutoza harusi au bonanza, kumbukeni mali ni ya umma, mapato hukusanywa kwa mashine na namba ya malipo ya Serikali. Ombeni maandishi kwamba sehemu yake itarudi kwenye matengenezo, kabla tozo ya kwanza haijaingia.

Masika ya kwanza ikishapita, ingieni uwanjani na simu asubuhi baada ya mvua kubwa kuliko zote. Pigeni picha kila mahali maji yaliposimama, pimeni kwa fimbo, andikeni sentimita. Picha hizo ndizo kiambatisho cha kwanza cha awamu ya pili, na mkutano wa mtaa wa Septemba hauko mbali.